Waliopima Mji wa Matanuri

Hapo zamani, na nikisema zamani msianze kunihesabia vidole, palikuwa na mji ulioitwa Matanuri. Asili yangu ni huko. Ndiyo maana mnaniona natembea kifua mbele, na mwenye kuchukia achukie. Sogezeni mikeka, nami niwape jambo ambalo wazee wangu waliligombania maisha yao yote wasilimalize.

Matanuri ulikuwa mji wa mafundi. Ukiuona kwa mbali, kitu cha kwanza kuonekana kilikuwa moshi. Moshi wa wafinyanzi wakichoma vyungu. Moshi wa wahunzi wakifua majembe. Moshi wa wachemsha chumvi wakikausha maji ya visima vya chumvi. Moshi mwembamba wa wafumaji wakichemsha rangi za nguo. Jembe la Matanuri halikupinda. Nguo ya Matanuri haikuchuja. Watu walitoka mbali kuja kununua, na wote walipita daraja moja tu, la kamba na mbao, kwa sababu mji ulikuwa umebanwa kati ya milima na mto mkubwa, na njia zote zilikuwa ng'ambo.

Kila mwaka baada ya mavuno ilifika Siku ya Tambo. Kila kazi ilisimama uwanjani ikajipiga kifua mbele ya mji mzima. Wahunzi walisema: "Moto wetu, nyundo zetu. Hatumtegemei mtu." Wachemsha chumvi wakasema: "Visima vyetu, chumvi yetu. Hatumtegemei mtu." Wafumaji wakasema: "Uzi wetu, vidole vyetu. Hatumtegemei mtu." Wafinyanzi walikuja mwisho, maana wao walijiona wakubwa, wakakanyaga ardhi kwa pamoja wakasema: "Udongo wetu uko chini ya miguu yetu. Hatumtegemei mtu."

Hilo lilikuwa sharti. Fundi aliyesema mbele ya watu kwamba kazi yake inapungukiwa na kitu alihesabiwa ameivua nguo kazi yake, na wenzake walimfukuza. Mnacheka. Lakini mngeiona siku ile, na ngoma zake, na wanawake wakipiga vigelegele, mngetamani kuzaliwa Matanuri. Hata mimi ambaye sikuiona, nikiisimulia damu inanisisimka.

Basi mji huo ulitawaliwa na mwanamke, Mwana Mize. Naye alikuwa na siwa, lile pembe kubwa la kupuliza ambalo halikutolewa ovyo. Siwa ilipulizwa mara moja tu kwa jambo moja, mlangoni kwa mtu mmoja. Na mtu aliyepuliziwa siwa alitangulia mbele Siku ya Tambo na watu wa kazi yake nyuma yake, na tangu hapo hakuna fundi aliyeruhusiwa kumfungia mlango. Liwekeni hilo moyoni, maana ndilo lililowagombanisha watu.

Mwaka mmoja mji jirani wa Kiumbo uliharibika. Kiumbo walikuwa wafumaji watupu, mji mzima ukila kwa pamba. Wadudu waliingia mashambani, pamba ikaisha, na mji ukasimama. Watu wa Kiumbo walivuka daraja na watoto wao kuja kuomba kazi. Mwana Mize alitoka kuwapokea, akamwona katikati yao bibi mmoja aliyewahi kumkaribisha kwake Kiumbo kwa karamu, na sasa bibi huyo alikuwa na mkeka kichwani na hana pa kuutandika. Mwana Mize alimshika mkono akamtia ndani. Halafu akaitisha baraza.

"Kiumbo nao walikuwa wakitamba," akasema. "Sasa sitaki kuambiwa kazi ipi ni hodari, hilo nalisikia kila mwaka. Nataka kujua mambo yakiharibika, kazi ipi itaanza kusimama, na ikisimama itaangusha nani. Atakayenipimia mji huu kwa kweli, siwa italia mlangoni kwake."

Watu wakatazamana. Utapimaje udhaifu wa mji ambao kila mtu amekatazwa kusema amepungukiwa?

Wa kwanza kujitokeza alikuwa Mshamu, mhunzi. Mshamu alikuwa mtu mpole, mwenye maswali mengi kuliko wateja. Alijua akimwuliza fundi "umepungukiwa na nini?" atatukanwa. Lakini alijua pia kwamba hakuna fundi asiyependa kulalamikia vyombo vyake. Kwa hiyo aligeuza swali. Alikwenda kwa wahunzi wenzake akauliza: "Kitu gani hapa kinachakaa haraka, na kikichakaa mnakipata wapi?" Wakamwambia bila kufikiri, ni ule mrija wa udongo unaopeleka upepo wa mivukuto kwenye moto, unaungua kila mara, na tunaupata kwa wafinyanzi. Alikwenda kwa wachemsha chumvi: kitu gani kinachakaa, na mnakipata wapi? Vyungu, wakasema, chumvi inavila, tunavipata kwa wafinyanzi. Alikwenda kwa wafumaji: kitu gani kinachakaa, na mnakipata wapi? Mitungi ya rangi, wakasema, na vigurudumu vya udongo vya kusokotea uzi, tunavipata kwa wafinyanzi.

Mshamu akaona mambo yanajipanga yenyewe. Kila karakana aliiuliza pia itaweza kuvumilia muda gani kwa akiba iliyopo. Mwisho akaenda kwa wafinyanzi. Hapo alimkuta Nunu.

Nunu alikuwa mwanamke kijana, na kwa kazi ya mikono hakuwa na mpinzani pale mjini. Chungu chake ukikigonga kwa kidole kinalia. Alilelewa na Bi Zawena, mkuu wa wafinyanzi, aliyemchukua akiwa yatima na kumfundisha kila alichokijua. Mshamu akamwuliza kama alivyowauliza wengine. Nunu akamtazama usoni akasema, "Kwetu hakichakai kitu, kaka. Udongo uko chini ya miguu yetu."

Mshamu akamwamini. Akaenda barazani akatoa kipimo chake: wafinyanzi ndio nguzo, hawasimami wala hawatasimama, wahunzi ndio dhaifu, kwa kuwa akiba yao ya mirija ni ndogo kuliko zote, wao wataanza, kisha chumvi, kisha wafumaji.

Siku hiyohiyo wahunzi walimnyang'anya nyundo. Mtu wao wenyewe, tena mbele ya watu, kawaita dhaifu. Wakamwambia asikanyage tena penye moto wao. Wafinyanzi nao walivimba kichwa, wakawa wanapita barabarani hawasalimii mtu.

Wa pili alikuwa Mbwana, mlinzi wa daraja. Walinzi wa daraja hawakuhesabiwa kuwa mafundi. Siku ya Tambo wao walisimama nje ya uwanja wakizuia mbuzi wasiingie, na baba yake Mbwana alizuia mbuzi hivyohivyo mpaka akafa. Mbwana aliusikia ule upimaji wa Mshamu akatikisa kichwa. Mji wa watu wanaotamba, alisema, haupimwi kwa kuwauliza.

Hakuomba ruhusa ya mtu. Kiangazi kilipokolea alizing'oa mbao za daraja, akasema zimeoza na anatafuta nyingine. Kisha akakaa kibandani pake, macho juu, akingoja aone moshi upi utazimika kwanza.

Mji mzima uliwatazama wahunzi, maana ndivyo walivyoambiwa. Wahunzi wakaendelea kugonga. Moshi uliozimika kwanza ulikuwa wa wafinyanzi. Bi Zawena alisema mguu unamwuma na kwamba wafinyanzi wanapumzika. Mapumziko yakawa marefu. Mirija ikaungua, haikuwa na badala, moshi wa wahunzi ukazimika. Vyungu vya chumvi vikapasuka, moshi wa chumvi ukazimika. Wafumaji wakafuata.

Na katika kuzimika huko aliumia mtu. Mzee Faki, mchemsha chumvi, alikuwa amewaahidi wakwe zake wa ng'ambo chumvi ya mahari, kwa kuwa alikuwa akimwoza mwanawe wa kiume, na kwa watu wa chumvi mahari ni chumvi. Vyungu vyake vilipasuka maji yakiwa yanakaribia kukauka, yote yakamwagika majivuni. Daraja halipo, hata mtu wa kwenda kuomba radhi hapiti. Wakwe waliona wamedharauliwa, wakamwoza binti yao kwa mwingine. Kijana wa Mzee Faki aliacha kula.

Mbwana akazirudisha mbao. Akaenda barazani akasema wazi, "Mbao hazikuoza. Nilifunga makusudi ili nipime. Kazi inayoanza kusimama ni ya wafinyanzi, na wakisimama wao tunasimama sote. Sababu yake siijui."

Mzee Faki aliinuka akimfuata, ikabidi ashikwe. Bi Zawena naye akasimama, akasema kwa utulivu kwamba wafinyanzi walikuwa wakipumzika, na kama mlinzi wa mbuzi anataka kujua lini watu wapumzike, aje aombe kazi ya kufagia. Watu wakacheka. Walitaka kumwamini Bi Zawena, kwa kuwa hata kipimo cha Mshamu kilisema wafinyanzi hawasimami. Mwana Mize alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, akawa anataka kuvunja baraza.

Hapo Nunu akasimama. Alikuwa amekaa nyuma ya Bi Zawena, karibu kiasi kwamba bega lake lilimgusa mgongo.

"Mwana," akasema, "chini ya miguu yetu hakuna udongo. Uliisha tangu enzi za bibi zetu. Udongo tunaufuata ng'ambo. Tunauficha ndani ya matita ya kuni na kusema tumekwenda kuokota kuni. Daraja likifungwa, hatuna kazi. Kaka Mshamu aliponiuliza, nilimwambia uongo."

Bi Zawena hakugeuka kumtazama. Akasema, "Toka leo mikono hiyo isiguse udongo. Si hapa tu, popote." Nunu akasema, "Nimesikia, mama." Akatoka nje peke yake. Mtu ambaye tangu utotoni hakuwahi kuwa na kucha safi, sasa alikaa mlangoni mwa nyumba ya kuazima akitazama mikono mikavu, na hakuwa na kazi nyingine aliyoijua duniani.

Sasa nisikilizeni mjue mji wangu ulikuwa wa watu gani. Ukweli ulipokwisha kusemwa hawakukaa kulia. Kiangazi kile chote kilichobaki watu walivuka daraja kwenda na kurudi, wahunzi kwa wafumaji, hata wale wageni wa Kiumbo, kila mmoja na udongo kichwani, mchana kweupe, hakuna tena kuficha ndani ya kuni. Walichimba mashimo, wakayatandika majani ya mgomba, wakaujaza udongo na kuumwagia maji usikauke. Wafinyanzi walifinyanga mirija na vyungu vya akiba mpaka vibanda vikajaa. Wahunzi nao walifua majembe ya kuchimbia udongo bila kudai kitu. Bi Zawena mwenyewe alisimama juu ya mashimo akiamrisha, mguu umepona.

Masika yaliyofuata mto ulikuja kama haujawahi kuja. Ulichukua mbao, ukachukua kamba, ukachukua hata nguzo. Masika yakapita, mvua za vuli zikapita, mto haujashuka vya kutosha kusimamisha nguzo mpya. Watu wa ng'ambo walikuja ukingoni kutazama, wakidhani wataona mji uliokufa. Waliona moshi. Moshi wa vyungu, moshi wa chuma, moshi wa chumvi, moshi wa rangi, yote minne, kila siku iliyokucha. Wakaanza kushangilia kutoka upande wa pili wa maji, watu ambao hata si wetu. Na daraja jipya liliposimama, waliovuka kwanza walikuta majembe yamepangwa mpaka darini, chumvi imejaa, na nguo zinawangoja. Hakuna mtoto wa Matanuri aliyebeba mkeka kichwani kwenda kuomba kwa watu. Nikifika hapa mnisamehe, naona fahari na siwezi kuificha.

Siku ya Tambo ilikuwa inakaribia. Mwana Mize akaitisha baraza, akamweka mpuliza siwa kando yake, akasema anayedai na aseme.

Mshamu akasema, "Mwana, mimi ndiye niliyeanza wakati wote walinyamaza. Ni mimi niliyeonyesha kwamba kila kazi inaegemea kwa wafinyanzi, na kama si hivyo Mbwana asingejua moshi upi ni wa kutazama. Nilikosea mahali pamoja, na nilikosea kwa sababu niliambiwa uongo. Mwongo na aliyedanganywa, nani wa kulaumiwa? Nimepokonywa moto wangu kwa kukutumikia. Siwa ikilia kwangu, wahunzi watanifungulia."

Mbwana akasema, "Mwana, wenzangu wamekuletea maneno. Mimi nimekuletea jambo lililoonekana kwa macho. Kipimo cha Mshamu tungekifuata, tungelinda wahunzi na kuwaacha wafinyanzi, na mto ungetuua. Na Nunu angekaa kimya mpaka leo kama daraja lisingefungwa. Ni kweli nimemwumiza Mzee Faki. Nimemwomba radhi, hakunipa, na sina la kumlazimisha. Lakini watu wangu wamezuia mbuzi vya kutosha. Siwa ikilia kwangu, tutaingia uwanjani."

Mwana Mize akamgeukia Nunu akamwambia, "Na wewe?" Nunu akasema, "Mimi nilidanganya kwanza na kusema kweli baadaye. Sijui kama hilo linalipwa. Ila hawa wawili walipima vitu vya watu wengine. Mimi niliitoa siri ya kwetu, mbele ya mama yangu, nikijua kitakachonipata. Mshamu aliona kazi tatu, Mbwana aliona moshi, lakini ni mimi niliyesema udongo unatoka wapi. Bila hilo mngechimba mashimo na kuyajaza nini? Siombi kutangulia, Mwana. Nataka udongo."

Mzee Faki akaomba neno, naye hakuitwa. Alisema yeye hadai siwa, mchemsha chumvi haendi kudai pembe kwa sababu ya vyungu vilivyopasuka. Lakini alitaka ijulikane kwamba kipimo cha Mbwana kililipiwa na mwanawe. Nyumba yake na ya Mbwana zinatazamana. Siwa ikilia pale, kijana wake ataisikia kwa masikio yake mawili.

Basi watu wakagawanyika, na kelele zilikuwa kubwa. Wahunzi walianza kusema kwamba Mshamu kumbe ni mtu wao na hawakuwahi kumfukuza, walikuwa wakimpumzisha tu. Mnawajua watu wa namna hiyo. Wafumaji walimtaka Mbwana. Wanawake wengi walimtaka Nunu, lakini wazee wakauliza, tukimpa siwa aliyevunja sharti la kazi yake, kesho fundi gani atafunga mdomo juu ya siri ya mwenzake? Wengine wakajibu kwamba mdomo uliofungwa ndio uliotaka kutuua.

Mtu mmoja akamgeukia Bi Zawena akamwuliza angempa nani. Bi Zawena akasema, "Nikisema asipewe Nunu, mtasema namchukia. Nikisema apewe, nitakuwa nimevunja neno langu kwa mdomo wangu. Mimi sitamfungulia. Lakini siwa ikimfungulia, sitasimama mlangoni." Mwanamke yule hakuweza kwenda mbali zaidi ya hapo, na macho yake yalikuwa mekundu.

Mtu akapendekeza ipulizwe katikati ya uwanja, kwa ajili ya wote. Mwana Mize akakataa. Alisema siwa inayolia kwa wote ni kelele, na siku ambayo Matanuri itaogopa kusema nani kafanya nini, siku hiyo itakuwa imerudi kudanganyana.

Akamwambia mpuliza siwa aende. Mpuliza siwa akatoka, watu nyuma yake, mpaka pale njia zinapoachana: moja inakwenda mtaa wa wahunzi, moja inateremka darajani, moja inaishia kwenye ile nyumba ya kuazima. Akasimama akamgeukia Mwana Mize apate kuelekezwa.

Wazee wangu wa upande wa baba, waliokuwa wahunzi, walisema alikwenda kwa Mshamu. Wa upande wa mama walisema alikwenda kwingine, wakakataa kuniambia wapi mpaka nijibu kwanza mwenyewe. Mimi nimejibu, nikajibu tena tofauti, na jibu langu silitoi hapa, maana nawajua mtalishika hilo na kuacha kufikiri.

Haya, nyinyi mliokaa kwa raha zenu mkinywa kahawa yangu. Mtu ameshainua siwa, pumzi imejaa kifuani, na Matanuri yote inamtazama. Je, siwa ile ilistahili kulia mlangoni kwa nani?